Kibendera Hakijaua Mpira

Msimu wa futiboli ya Marekani ukianza Septemba, kilio nacho huanza. Mkabaji anamkimbilia mdakaji aliyeinua mikono kupokea mpira, anajirusha, helmeti zinagongana kwa kishindo, na refa anatupa chini kibendera cha njano. Kibendera hakijatua, tayari mtu amekwisha kutamka kwamba mchezo umekufa. Wanaume wamegeuzwa watoto, ulinzi umepigwa marufuku, kilichobaki ni kuwavalisha wachezaji magauni. Maneno haya hayatoki kwa walevi wa baa tu. Utayasikia kwa wachezaji wastaafu wanaolipwa na televisheni kuchambua mechi, kwa makocha, kwa wachezaji wa leo wenye majina, na hata kwa vijana wetu wa Nairobi na Dar es Salaam wanaokesha hadi alfajiri ya Jumatatu wakifuatilia ligi ya NFL kwenye simu. Umekuwa ndio msimamo wa kawaida wa mpenzi wa mchezo huo, kiasi kwamba anayekitetea kibendera huonekana hajawahi kushika mpira maishani mwake.

Mimi nakitetea. Kanuni inayomkataza mchezaji kuinamisha kichwa na kumgonga mwenzake kwa helmeti haijazidi ukali. Imepungukiwa. Ikiwa kuna lawama inayoistahili, ni kwamba waamuzi wameiacha ilale vitabuni.

Tuwatendee haki kwanza wanaoipinga, maana hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema mchezo huu ni wa kasi. Mtu wa kilo mia moja anamvaa mwingine wa uzito huohuo, wote wakiwa mbioni, na uamuzi wa wapi pa kugonga hufanyika kwa muda wa kupepesa jicho. Mkabaji analenga kifua. Mwenye mpira akiona anaangushwa anajikunja kujikinga. Kifua kilichokuwa pale kimeondoka, mahali pake kimekuja kichwa. Nani alaumiwe? Kisha wanaongeza kwamba usalama huletwa na mafunzo wala hauletwi na adhabu, kwa hiyo makocha waachiwe wafundishe na marefa wawaache watu wacheze. Na yule anayejua zaidi hutupa kete ya mwisho: wanasayansi wenyewe wanasema ubongo hauharibiwi sana na ile migongano ya kutisha inayorudiwa kwenye video, bali na vishindo vidogovidogo, maelfu kwa maelfu, ambavyo hakuna refa anayeviona. Basi kibendera ni maigizo ya kuwatuliza mawakili.

Kete hiyo ya mwisho ndiyo nzito, nami nitaifikia. Nianze na ile ya kasi, kwa sababu ndiyo inayorudiwa kuliko zote, na ilikwisha kujibiwa karibu miaka hamsini iliyopita.

Helmeti za mwanzo zilikuwa za ngozi laini. Mwaka 1939 kampuni ya Riddell ilitoa helmeti ya plastiki, na 1943 NFL ikafanya uvaaji wa helmeti kuwa lazima. Katika miaka ya 1950 vikaongezwa vyuma vya kukinga uso. Nia ilikuwa njema: mafuvu yasivunjike, pua na meno visalimike. Lakini mchezaji ambaye uso wake hauumii tena hana sababu ya kuukwepesha, na makocha waliliona hilo upesi. Kizazi kizima cha vijana kikafundishwa kumkabili mwenye mpira uso kwa uso, kulenga namba za kifuani kwa paji la helmeti, kichwa kitangulie na mabega yafuate. Vazi la kujikinga likawa la kushambulia, na hakuna aliyeona ajabu.

Matokeo yalihesabika. Mwaka 1968 wachezaji 36 walikufa nchini Marekani kwa majeraha waliyoyapata moja kwa moja katika futiboli, wengi wao wanafunzi wa sekondari. Helmeti zikaboreshwa, na 1973 vikawekwa viwango vya kuzipima. Vifo vya kichwa vikaanza kupungua. Shingo, hata hivyo, ziliendelea kuvunjika.

Joseph Torg, daktari wa mifupa wa Philadelphia, ndiye aliyekusanya takwimu na kupitia filamu hadi akaeleza sababu. Shingo ya binadamu ikiwa imesimama ina upinde mdogo, na upinde huo ndio unaomeza kishindo. Mtu akiinamisha kichwa kiasi cha nyuzi 30 upinde unapotea. Pingili za shingo zinakaa mstari mmoja ulionyooka, kama vikombe vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Hapo akigonga kitu kwa utosi, kichwa kinasimama ghafla, kiwiliwili kilichokuja mbio nyuma yake hakisimami, na shingo iliyo katikati haina pa kukunjia. Inavunjika. Misuli haisaidii. Helmeti nayo, hata ingekuwa bora kuliko zote duniani, inakinga fuvu. Shingo haimo ndani yake.

Mwaka 1976 chama cha michezo ya vyuo vikuu, NCAA, pamoja na shirikisho la shule za sekondari, wakapiga marufuku kutanguliza kichwa katika kukaba na katika kuzuia. Kwa takwimu za Torg, msimu wa 1976 ulikuwa na vijana 34 waliopooza mikono na miguu. Msimu wa 1977 wakawa 18. Mwaka 1984 wakawa watano. Na 1990, kwa mara ya kwanza tangu kumbukumbu zilipoanza kutunzwa mwaka 1931, hakufa hata mchezaji mmoja kwa jeraha la moja kwa moja la mchezo, si shuleni, si chuoni, si katika ligi ya kulipwa.

Sasa mwenye hoja ya kasi anijibu: kati ya 1976 na 1977 kilibadilika nini? Vijana hawakupunguza mbio. Hawakukonda. Helmeti walizovaa zilikuwa zilezile, na hata zingekuwa mpya zisingeisaidia shingo. Kilichobadilika ni kanuni, na kwa ajili ya kanuni kikabadilika kile ambacho kocha alikifundisha Jumanne jioni kwenye uwanja wa mazoezi. Jambo ambalo leo tunaambiwa limewashinda wanaume wanaolipwa mamilioni ya dola lilifanywa na watoto wa miaka kumi na sita ndani ya msimu mmoja.

Wala si kwamba marefa wa siku zile walikuwa wakitupa vibendera kila dakika; kosa hilo lilipigwa mara chache sana. Lilitosha kocha kujua kwamba mbinu aliyoifundisha jana inaweza kumgharimu yadi 15 kesho, na kwamba mzazi wa mtoto aliyevunjika shingo akienda mahakamani ataikuta kanuni imeandikwa. Wanaodai kwamba mafunzo ndiyo dawa na adhabu si dawa wamevitenganisha vitu viwili vilivyoshikana. Mafunzo yale yalizaliwa na adhabu.

Kilio hiki kina kosa jingine, kubwa zaidi. Kinachukulia kwamba kibendera kinamlinda yule anayegongwa, mdakaji nyota ambaye jezi zake zinauzwa, na kwamba anayeonewa ni mkabaji, mtu wa kazi ngumu asiye na mtetezi. Tazama basi nani huvunjika. Oktoba 2010 Eric LeGrand wa chuo kikuu cha Rutgers alikimbia kumkaba mtu wa timu ya Army katika mpira wa kuanzia. Tangu siku hiyo yuko kwenye kiti cha magurudumu. Yeye ndiye aliyekuwa akikaba. Desemba 2017, mjini Cincinnati, Ryan Shazier wa Pittsburgh Steelers, mmoja wa wakabaji wenye kasi kuliko wote katika NFL, aliinamisha kichwa akamvaa mdakaji kwa utosi. Alipojaribu kugeuka, miguu haikuitikia. Alifanyiwa upasuaji, akapambana hadi akatembea tena, lakini uwanjani hakurudi. Naye pia ndiye aliyekuwa akikaba. Miezi michache baadaye, Machi 2018, wenye timu wakapitisha kanuni inayofanya kosa la yadi 15, na pengine kufukuzwa, kwa mchezaji yeyote anayeinamisha kichwa na kuanzisha mgongano kwa helmeti.

Ragbi, ambako hakuna helmeti, inasimulia habari ileile. Wachunguzi wa World Rugby walipitia matukio 611 ya wachezaji waliopata mshtuko wa kichwa wa kuhitaji kupimwa. Katika hayo, 464 yalitokea kwenye ukabaji. Na katika hayo 464, aliyeumia mara 335 alikuwa mkabaji mwenyewe. Kwa hiyo refa anapompigia kibendera mkabaji aliyeinama, anamzuia kwanza asijivunje yeye. Hilo huwezi kulisikia kwa wachambuzi wa televisheni, kwa sababu linaharibu hadithi nzuri ya mnyonge anayeonewa na ofisi.

Hapa nitenganishe mambo mawili yanayochanganywa, mara nyingine makusudi. Kanuni zinazomkinga kwotabeki, mrushaji mkuu wa mpira, asiangukiwe kwa uzito wote wa mkabaji, asiguswe baada ya kurusha, asishikwe magoti, hizo ni mjadala wake. Baadhi ya vibendera vya aina hiyo vimewahi kunifanya nitafute kitu cha kurusha nami. Lakini mtu akionyesha kwotabeki aliyeguswa bega akapewa yadi 15, hajasema lolote kuhusu utosi. Ni kuku na bata. Wanafugwa banda moja, basi.

Wengine hawana hoja kabisa, wana kumbukumbu. Wanautaka mpira wa zamani. Ni wa mwaka gani? Wa 1905 labda, ambapo vifo vya uwanjani vilimfanya Rais Theodore Roosevelt awaite Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton na kuwataka wausafishe mchezo kabla haujafutwa? Mwaka uliofuata ukaruhusiwa urushaji wa mpira kwenda mbele, ili watu waache kurundikana na kukanyagana. Walter Camp, anayeitwa baba wa futiboli ya Marekani, hakuupenda urushaji huo. Leo ukiuondoa hakuna mchezo. Au wanautaka ule wa 1978? Tarehe 12 Agosti mwaka huo, mjini Oakland, katika mechi ya kujipasha moto isiyo na pointi hata moja, Jack Tatum wa Raiders alimvaa Darryl Stingley wa New England Patriots aliyekuwa akiruka kuudaka mpira uliomkosa. Stingley, mwenye miaka 26, alipooza mwili hadi kifo chake mwaka 2007. Hakuna kibendera kilichoanguka, maana kwa kanuni za siku ile hapakuwa na kosa. Miaka miwili baadaye Tatum alitoa kitabu cha maisha yake chenye jina la kujivunia kuitwa muuaji. Huo ndio mpira wa wanaume.

Turudi kwa makocha tunaoambiwa tuwaachie kazi. Mtu anayesema hivyo amesahau, au anatumaini sisi tumesahau, kilichofanyika New Orleans. Mwaka 2012 NFL ilimfungia msimu mzima Sean Payton, kocha mkuu wa Saints, baada ya kugundulika kwamba tangu 2009 kulikuwa na mfuko wa kuwalipa wakabaji waliowatoa wapinzani uwanjani kwa kuumia. Aliyekuwa akiuendesha ni kocha wa ulinzi, Gregg Williams. Hawa ni walimu. Sisemi makocha wote ni hivyo. Wengi ni watu wema. Nasema kocha huajiriwa kwa kushinda na hufukuzwa kwa kushindwa, na jambo lisilomgharimu mechi hatalipa saa zake za mazoezi, awe mwema kiasi gani.

Biashara nayo ilikuwa upande gani? Kwa miaka kadhaa kituo cha televisheni cha ESPN kilikuwa na kipindi kidogo kabla ya mechi za Jumatatu, kazi yake kuonyesha wachezaji waliogongwa vibaya kuliko wote wiki hiyo huku watangazaji wakishangilia kwa pamoja. Oktoba 2010 James Harrison wa Steelers alitozwa faini ya dola 75,000 kwa kumgonga Mohamed Massaquoi wa Cleveland Browns kichwani. Wakati huohuo picha ya tukio lenyewe ilikuwa ikiuzwa kwenye duka la picha la NFL, hadi watu walipopiga kelele ikaondolewa. Harrison alisema anafikiria kuacha mpira. Hasira yake naielewa. Alikuwa akiadhibiwa na mtu anayeuza kile anachoadhibiwa kwacho. Ila dawa ya unafiki huo ilikuwa kuiondoa picha. Kuiondoa faini kusingetibu kitu.

Hoja ya kwamba ukabaji salama ni ukabaji dhaifu nayo haina miguu. Timu iliyoogopwa kuliko zote kwa ulinzi katika muongo uliopita ni Seattle Seahawks, waliowafunga Denver Broncos 43–8 katika fainali ya NFL, Super Bowl, ya Februari 2014. Kiangazi cha mwaka huo kocha wao, Pete Carroll, alitoa video ya mafunzo kwa shule na vyuo kueleza jinsi vijana wake wanavyokaba: bega ndilo linalogusa kwanza, kichwa kando, mikono inafunga mapaja, mguu unaendelea kusukuma. Alisema wazi wameichukua kwenye ragbi. Miaka minne baadaye, kanuni ya kuinamisha kichwa ilipokuja, miongoni mwa waliopiga kelele sana alikuwamo Richard Sherman, aliyepata jina lake katika ulinzi uleule wa Seattle. Alilalamikia kitu ambacho timu yake ilikuwa imekwisha kuthibitisha kwamba kinawezekana, tena kwa kushinda.

Kuna pia majaribio ya chuo kikuu cha New Hampshire, yaliyoongozwa na Erik Swartz. Walichukua nusu ya wachezaji, wakawafundisha kukaba na kuzuia bila kuvaa helmeti kwa dakika chache tu za mazoezi, kwa kasi ya wastani na dhidi ya mito. Mtu asiye na helmeti hahitaji kuambiwa akiweke kichwa kando. Kichwa chenyewe kinajua. Mwisho wa msimu, vishindo vya kichwa kwa kundi hilo vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya robo. Na katika chuo cha Dartmouth, kocha Buddy Teevens aliwakataza wachezaji wake kuangushana wao kwa wao mazoezini tangu 2010. Walikaba mito, baadaye wakakaba mdoli wa roboti unaokimbia, uliobuniwa chuoni hapohapo. Timu iliyokuwa imepoteza mechi zote kumi mwaka 2008 ilitwaa ubingwa wa ligi yake ya vyuo, Ivy League, kwa pamoja na wenzake 2015.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kulielewa hili kuliko Mmarekani wa kawaida, kwa kuwa ragbi tunayo. Mtoto anayejifunza ragbi Nairobi huambiwa siku ya kwanza aweke shavu lake nyuma ya makalio ya anayemwangusha. Asipofanya hivyo, goti humfundisha. Mwaka 2013 Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa akicheza ragbi ya kulipwa New Zealand na Afrika Kusini, alisajiliwa na Indianapolis Colts bila kuwahi kucheza futiboli ya Marekani hata siku moja, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa uwanjani kwenye vikosi vya mpira wa kuanzia. Hawakumchukua kwa sababu anajua kugonga kwa kichwa.

Nisiipambe ragbi kupita kiasi. Steve Thompson, aliyetwaa Kombe la Dunia na Uingereza mwaka 2003, alitangaza Desemba 2020, akiwa na miaka 42, kwamba ana shida ya akili ya kusahau, na kwamba haikumbuki mechi ile ya fainali. Wale wanaosema vueni helmeti na mambo yatajinyoosha yenyewe hawajamsikiliza. Mikono na mabega vinahitaji kanuni pia, ndiyo maana ragbi yenyewe inazidi kutoa kadi nyekundu kwa ukabaji wa juu, na kule nako kilio ni hikihiki, karibu neno kwa neno.

Sasa ile kete nzito. Mwaka 2002 alikufa Mike Webster, aliyekuwa katikati ya mstari wa mbele wa Steelers, akiwa na miaka 50 na akili iliyovurugika. Daktari aliyeufungua ubongo wake Pittsburgh alikuwa Mnigeria, Bennet Omalu, mhitimu wa chuo kikuu cha Nsukka, mtu ambaye hakuwa na mahaba yoyote na futiboli. Alichokikuta alikichapisha 2005: ugonjwa wa ubongo ujulikanao kama CTE, uliokuwa ukijulikana kwa mabondia. Madaktari wa kamati ya NFL waliliandikia jarida wakitaka makala ifutwe. Haikufutwa. Mwaka 2017 Ann McKee na wenzake wa Boston walitangaza kwamba katika ubongo wa wachezaji 111 wa zamani wa NFL waliochunguzwa, 110 ulikuwa na ugonjwa huo. Ni kweli hazikuwa bongo zilizochukuliwa kwa bahati nasibu; zilitolewa na familia zilizokwisha kuona dalili. Lakini utafiti wa baadaye, 2023, umeonyesha kwamba kinachotabiri ugonjwa huu si idadi ya mitikisiko ya ubongo aliyopata mtu, ni jumla ya nguvu ya vishindo vyote alivyowahi kupata kichwani. Webster alicheza mahali ambapo helmeti hugongana karibu kila mchezo unapoanza, na hakuna kamera inayojali.

Hayo yote nayakubali. Kibendera kwa mdakaji aliyegongwa kichwani hakitamwokoa mtu wa mstari wa mbele. Lakini tazama hitimisho wanalolitoa: kwa kuwa hakiponyi ubongo wa Webster, basi kiondoke. Shingo ya Shazier nayo? Ni majeraha mawili tofauti, yana njia mbili tofauti, na dawa ya moja haifutiki kwa sababu haitibu jingine. Tena dawa ya lile la pili nayo imetoka kwenye kanuni. Mkataba wa 2011 kati ya NFL na wachezaji uliweka kikomo cha mazoezi 14 ya vifaa kamili kwa msimu wa kawaida. Ivy League ilifuta kabisa mazoezi ya kuangushana msimu ukishaanza, 2016, ikifuata njia ya Dartmouth. Mwaka huohuo ligi hiyo ilisogeza mbele mahali pa kupigia mpira wa kuanzia, ili mpira utoke nje mara nyingi na watu wasikutane katikati kwa mbio ndefu. Mitikisiko ya ubongo katika mikwaju hiyo ikashuka kutoka karibu 11 kwa kila mikwaju 1,000 hadi takriban miwili. Hakuna aliyemfundisha mtu kitu chochote. Mstari ulihamishwa yadi tano.

Na ile kanuni ya 2018 iliandikwa kumhusu kila mchezaji, wa mstari wa mbele akiwemo. Ingesimamiwa ilivyoandikwa, ingekuwa ya kwanza kugusa vishindo vile visivyoonekana. Kilichotokea ni kwamba katika mechi za kujipasha moto za Agosti vibendera vilimwagika, kelele zikapanda, na kabla ya msimu kuanza ligi ikatoa ufafanuzi kwamba mguso wa bahati mbaya si kosa. Kuanzia hapo kanuni ikalala. Huo ndio mkono wa chuma unaodaiwa kuua mpira.

Vyuoni kuna ubaya wa namna nyingine, na hapo nawaunga mkono wapinzani nusu ya njia. Tangu 2013 kosa la kumlenga mtu kichwani linabeba yadi 15 pamoja na kufukuzwa, na kwa kanuni ya mwaka huo likitokea kipindi cha pili mchezaji alikosa pia nusu ya mechi iliyofuata. Adhabu ikiwa kubwa hivyo, mwamuzi wa video hutafuta sababu ya kutoitoa. Januari 1, 2025, kwenye mechi ya vyuo ya Peach Bowl mjini Atlanta, Texas na Arizona State wakiwa 24–24 na muda ukiyoyoma, Michael Taaffe wa Texas alimgonga mdakaji, helmeti kwa helmeti. Video ikatazamwa, ikaamuliwa hakuna kosa. Arizona State wakalazimika kuupiga mpira mbali, na Texas wakashinda 39–31 baada ya nyongeza mbili. Nina hakika kama chaguo lingekuwa yadi 15 tu, bila kumtoa nje kijana katika mechi kubwa kuliko zote maishani mwake, kibendera kingepatikana. Kosa la kuinama lipigwe kila linapoonekana, kwa yadi. Kufukuzwa kubaki kwa anayekusudia au anayerudia. Na anayerudia akiwa wa tatu au wa nne katika timu ileile, muulizeni kocha, kwa mshahara wake.

Refa atazame mkao wa anayegonga, asihangaike na mahali mgongano ulipoishia. Je, macho yalikuwa juu au chini? Hilo linaonekana hata kwa kasi ile, kwa sababu mtu huinamisha kichwa kabla ya kufika. Mwenye mpira akijikunja na helmeti zikagusana huku mkabaji kichwa kiko juu na bega limetangulia, ni ajali. Kibendera kibaki kiunoni.

Na mwenye mpira je, yule ambaye wapinzani wanasema ndiye anayeharibu kila kitu kwa kuinama dakika ya mwisho? Mwaka 2013 NFL iliwakataza wakimbizaji wa mpira kutumia utosi wa helmeti kumvunja mkabaji katika uwanja wa wazi. Waliopinga kwa sauti kubwa kuliko wote walikuwa wakimbizaji, akiwemo Emmitt Smith, mwenye rekodi ya yadi nyingi za kukimbia kuliko wote, na wachambuzi wakasimama upande wao. Kanuni ya 2018 nayo inamhusu mwenye mpira sawasawa na mkabaji, na ni nadra kumwona akipigiwa. Kama kweli shida yenu ni kwamba mwenye mpira anainama na mkabaji anabebeshwa lawama, dai lenu lilipaswa kuwa vibendera zaidi, cha kwanza kikianguka miguuni pa mkimbizaji. Sijamsikia hata mmoja wenu akilidai.